Lori Lililoitwa la Kiprop

Vijana wangu, najua mnacheka mkisikia kwamba mzee huyu alistaafu kutoka kampuni ya kutengeneza gemu za kompyuta. Chekeni tu. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa malori hapa Eldoret kwa miaka mingi, na kucha zangu bado zina weusi wa grisi ambao mke wangu ameshachoka kuulalamikia. Kisha nikaajiriwa kuyaharibu malori. Gemu yetu ilikuwa ya vita. Askari wanasindikiza msafara wa chakula katika nchi ya kubuni, na adui wanauvizia njiani. Kazi yangu ilikuwa kueleza risasi ikipiga hapa kinavunjika nini, moshi unatokea wapi, na dereva amebakiwa na muda gani. Nawaambia kweli, kutengeneza lori ni rahisi. Kuliharibu hadi mtu asiyelijua apende kuliendesha likiharibika, hiyo ndiyo kazi iliyonizeesha.

Nimeombwa niwaandikie ninyi mnaoingia kazi hii sasa. Wenzangu watawaandikia juu ya bidii na nidhamu, na mtapiga miayo. Mimi nitawaandikia juu ya wivu, maana hilo ndilo lililonisumbua kazini kuliko mgongo, na hakuna aliyenitahadharisha. Wivu wangu una jina. Unaitwa Kiprop.

Lakini nianze na Chebet, kwa sababu bila yeye mimi nisingemjua Kiprop, na pengine ningelala vizuri. Chebet ndiye aliyeanzisha kampuni. Mwaka uliofuata ghasia za uchaguzi, uwanja wa nyuma wa gereji yetu ulikuwa bado umejaa magari yaliyochomwa, yaliyovutwa kutoka kila barabara ya mji huu. Wenyewe walikuwa hawajayafuata, wengine walikuwa wamehama kabisa. Siku moja nikamkuta msichana na kamera anayapiga picha. Nilimkemea. Nilidhani ni wale waandishi wa habari wanaopenda majivu yetu. Akaniamkia kwa heshima, akaniuliza kwa nini hili limeungua hadi chesisi na lile kebini tu.

Swali lile lilinishika. Watu wengi huuliza nani alichoma. Yeye aliuliza lilivyoungua. Nikamweleza kwamba lori la dizeli halilipuki kama watu wanavyodhani. Huungua polepole, kama nyumba. Huanza viti, mikeka, nyaya, na ukiliacha hadi moto ushike magurudumu, basi limekwisha, maana mpira ukiwaka hauzimiki kwa ndoo. Nikamwonyesha tundu kwenye tangi moja lililokuwa limezibwa kwa sabuni ya kipande. Hiyo ni dawa ya kila dereva wa huku: tangi likivuja, unalainisha sabuni kwa mkono, unaikandamiza kwenye ufa, unafika nyumbani. Chebet akakaa juu ya gurudumu akanisikiliza hadi wenzangu wakaanza kunitania. Mwisho akaniuliza kama naweza kuyasema hayo yote mbele ya kompyuta. Nikamwambia kompyuta sijui hata inawashiwa wapi. Akasema hilo si tatizo, yeye anajua.

Kuna jambo moja nililomwambia Chebet ambalo wakati ule sikuwaambia wengine. Mwaka ule wa ghasia mimi nilikuwa mtaani Langas. Kulikuwa na lori la mteja gerejini, nimelimaliza gia boksi lakini mwenyewe hakuja. Majirani wakaniomba niwatoe. Nikawapakia mchana kweupe, kina mama, watoto, magodoro, kuku wawili wa mama mmoja aliyekataa kabisa kuwaacha, tukaelekea kanisa moja upande wa mjini ambako watu walikuwa wakikimbilia. Tulipokuwa tukipita kati ya mawe yaliyopangwa barabarani, kitu kikarushwa kikapenya grili ya mbele. Sijui lilikuwa jiwe au chuma. Rejeta ikatoboka. Maji yakaanza kumwagika, na sindano ya joto ikaanza kupanda.

Fundi akijua lori lake linakufa ni tofauti na abiria akijua. Wale waliokuwa nyuma walikuwa wakiomba Mungu juu ya watu waliokuwa barabarani. Mimi nilikuwa naomba juu ya gasketi ya injini isiungue. Nikafungulia hita ya kebini hadi mwisho ili injini ipumue kidogo, nikatokwa jasho la kuchemka. Tulipofika mteremko wa kwenda mtoni nikazima injini, nikaliacha liteleze lenyewe. Kule chini nikaliwasha tena nikapanda kwa gia nzito, taratibu, huku nikisikia vyuma vikigonga na kunusa ile harufu ambayo fundi hapendi kuinusa. Tulifika. Nikalizima mlangoni pa kanisa na halikuwaka tena siku zote zilizofuata. Kichwa cha injini kilikuwa kimepinda. Watu wakashuka wakinishukuru, nami nikawa nimekaa tu kwenye usukani.

Basi mkinisikia nikibishana kuhusu risasi na rejeta, mjue nilikuwa nabishana kutoka wapi. Lori langu la kwanza katika gemu lilikuwa la kweli tupu. Risasi moja kwenye rejeta, maji yanatoka, injini inakwama. Risasi kwenye gurudumu, linakaa upande. Dereva akipigwa, safari imeisha. Nilikaa na vijana wa kuchora hadi kila bamba la chuma likawa mahali pake, na Chebet akanisifu mbele ya watu. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu muhimu, nikazoea.

Ndipo akamleta Kiprop.

Kiprop alikuwa mtoto wa mkulima wa mahindi kutoka Moiben, kijana mrefu, mpole, mwenye kicheko cha haraka. Alikuwa na ukumbi wa gemu pale mtaani Kapsoya, chumba kimoja, televisheni chache na mabenchi. Chebet alisema amekuja kusawazisha. Nikauliza kusawazisha nini, magurudumu? Wakacheka wote, na Kiprop akanieleza kwa adabu kwamba katika gemu ya vita lazima kila upande uwe na nafasi ya kushinda, la sivyo upande mmoja utachoka na kwenda nyumbani. Nikamsikiliza nikiangalia mikono yake. Ilikuwa safi kama ya karani. Baadaye nikagundua kwamba hajawahi kubadilisha hata gurudumu la pikipiki. Mtu huyo ndiye aliyeletwa kunifundisha malori.

Tukapeleka lori langu kwenye ukumbi wake siku ya Jumamosi, wateja wake wakalijaribu. Mimi nilisimama kando ya skrini nikisubiri wastaajabu. Raundi ya kwanza, mmoja akajificha nyuma ya kichaka, akapiga grili risasi moja, msafara ukaisha. Raundi ya pili vilevile. Raundi ya tatu hakuna aliyetaka kuendesha, wote wanataka kichaka. Kijana mmoja akaweka pad ya kuchezea chini akanigeukia.

“Mzee, hii lori yenu mmejenga na mayai?”

Nikaanza kumweleza kuhusu shinikizo la maji katika rejeta. Nilipomaliza alikuwa ameshahamia mchezo wa mpira.

Wiki iliyofuata Kiprop akaleta lori lake. Lilikuwa lilelile langu, mabamba yangu, moshi wangu, lakini ndani amelitia kitu anachokiita uhai. Lina uhai mia. Kila risasi inakula kidogo, haijalishi imepiga rejeta au kioo cha pembeni, na uhai ukiisha lori linalipuka, linaruka juu, milango inaenda huku na huku. Dizeli. Inalipuka. Nilitaka kulia. Na wale vijana wakasimama kwenye mabenchi wakipiga kelele hadi mama wa duka la jirani akaja kuuliza kama kuna mtu ameumia. Wakataka tena na tena. Na tangu siku hiyo wakaliita lori la Kiprop. “Weka ile lori ya Kiprop.” Mimi niliyelijenga bolti kwa bolti, nimesimama pale pale.

Sasa niwape jambo la kazi, maana nisiwaache na maumivu yangu tu. Wakati mimi nilikuwa natazama skrini, Kiprop hakuitazama kamwe. Alikuwa anaweka kiti nyuma ya wachezaji na kuangalia mabega. Mabega yakipanda, hapo gemu iko hai. Mchezaji akiegemea nyuma, kuna kitu kimekufa, hata kama mdomo wake unasema ni tamu. Watu hudanganya kwa mdomo ili wasikuudhi, lakini bega halina adabu. Nilimwibia njia hiyo na nimeitumia hadi nilipostaafu. Mtu unayemwonea wivu, mwibie. Angalau upate faida.

Chuki ikazidi kwa jambo dogo la maji. Chebet alitaka tujaribu tena lori langu la kweli, lilegezwe kidogo lisife papo hapo. Tukarudi Kapsoya. Sasa rejeta ikitoboka, mvuke unapanda na lori linakwenda kidogo kabla ya kusimama. Nilitarajia madereva waliache na kukimbia kwa miguu, kama askari yeyote mwenye akili. Lakini hawa walikuwa watoto wa Eldoret. Wamekua wakiona malori ya kwenda Malaba yakichemka kwenye mlima na tanboi, msaidizi wa dereva, akishuka na mtungi. Walipoona mvuke wakaacha vita kabisa, wakaanza kutafuta maji. Katikati ya risasi, mtu anaendesha hadi mtoni, anazungukazunguka ukingoni, anauliza ni kitufe gani cha kuchota.

Mimi niliona ujinga. Nikawaambia hapa ni vitani, si stendi ya malori.  Kiprop alikuwa anaangalia mabega. Kesho yake ofisini kulikuwa na mtungi wa maji ndani ya gemu. Ukitobolewa, mwenzako anashuka anamwaga maji huku wewe unamlinda. Halafu akaja kwangu, mpole kama kawaida yake, akaniuliza tangi likivuja watu hufanyaje. Nikamwambia habari ya sabuni bila kufikiri, kama mtu anavyopiga soga. Siku mbili tatu baadaye, sabuni nayo ikawa ndani. Askari anaikanda, anaziba tundu. Hapo ukumbi mzima ulicheka hadi machozi, na Chebet akampiga Kiprop begani akisema kichwa chake kinafaa kuwekewa ulinzi.

Sabuni ilikuwa yangu. Mtungi pia ulikuwa wangu, nilipaswa kuuona mimi, mimi niliyebeba mitungi nusu ya maisha. Yeye ambaye hajawahi hata kupulizwa na mvuke usoni ndiye aliyeuona. Vijana, wivu wa mtu aliyekushinda kwa bahati unavumilika. Wivu wa mtu aliyekushinda kwenye uwanja wako mwenyewe, kwa vitu vyako mwenyewe, bila hata kukusudia kukuudhi, huo hauna dawa dukani.

Nikaacha kuongea naye. Nikiwa na swali nilimwambia Chebet amuulize, naye amekaa mezani akinisikia. Nikaanza kupita mlango wa nyuma. Kisha likatokea lile la mursik. Kiprop alikuwa akileta maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa, kutoka kwao Moiben, kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti, yanazungushwa ofisi nzima kila mtu anakunywa. Mimi mursik naipenda, Mungu ananiona. Lakini siku hiyo kila mtu aliyeonja alisifu, huyu anasema mama yake ni fundi, yule anasema hajawahi kunywa kama haya, na kikombe kilipofika kwangu nikakisukuma mbele bila kuonja. Nikasema sitaki.

 Nilisahau niko wapi. Mimi Mluhya wa kutoka Bungoma, yeye Mkalenjin wa Moiben, na mji ni huu, na miaka ile vidonda vilikuwa bado vibichi. Mtu wa kwangu kusukuma maziwa ya mtu wa kwao mbele ya watu lilikuwa jambo zito. Nikaona Chebet ameinamisha macho. Kiprop akachukua kikombe taratibu akakirudisha.

Na yote hayo yalitokea wakati mbaya kabisa. Kulikuwa na wageni wanakuja kutoka ng'ambo, wenye kampuni kubwa, kuangalia gemu yetu. Wakiipenda wataichukua. Na walikuwa wameandika kwamba wanataka kuona lori moja, si mawili, na kumjua mtu mmoja atakayesimamia magari yote ya gemu. Ama lori la kweli la Wafula, ndiye mimi, ama lori la uhai la Kiprop. Nilikitaka kiti hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Umri ulikuwa umekwenda, gerejini nisingerudi, na nilitaka kabla sijafa kitu kimoja nilichokijenga kiitwe kwa jina langu. Lakini lori lenyewe halikuwa tayari, na watu wawili wa kulimaliza hawasalimiani.

Chebet akafanya kile ambacho mtu yeyote wa hapa angefanya. Aliita kikao cha amani.

Niliingia ofisini asubuhi nikakuta viti vimepangwa duara, soda na mikate mezani. Pasta amekuja na Biblia. Pembeni yake Mama Salina wa kamati ya amani ya Kapsoya, mama mzito mwenye sauti ya chini, ambaye aliwahi kupatanisha watu waliochomeana nyumba. Na katikati mimi na Kiprop, tuliogombana kuhusu rejeta. Nilitamani ardhi inimeze. Pasta akaomba, akasoma juu ya kusamehe jirani. Mama Salina akasema hapa hakuna hakimu, kila mtu aeleze alikuwa wapi wakati ule na alipoteza nini.

Basi tukaeleza, tungefanyaje. Kiprop akasema walikuwa Moiben, na baba yake aliwaficha vibarua wao wawili kutoka magharibi, watu wa kwetu, kwenye stoo ya mahindi hadi barabara zilipofunguka. Mimi nikasimulia lori, rejeta, hita, mteremko wa mtoni, mlango wa kanisa. Nilipomaliza hakuna aliyegusa soda. Mama Salina akanigeukia.

“Sasa Mzee Wafula, tuambie. Huyu kijana watu wake walikukosea nini mpaka ukatae maziwa yake?”

Wote wakaningoja. Pasta alikuwa amefumba macho, tayari kwa machozi. Ningeweza kusema uongo wa heshima, tukalia, tukakumbatiana, na kikao kikaisha vizuri. Lakini nilifikiria wale watu waliochomeana nyumba kweli, nikaona aibu kukaa kwenye viti vyao.

“Mama, hakuna aliyenikosea. Kabila haiko hapa. Hata angekuwa ndugu yangu tumbo moja ningekataa hiyo maziwa. Mimi nina wivu na yeye, basi.”

Pasta akafumbua macho. Akaanza kufunua Biblia kuelekea mwanzo, nadhani alikuwa anamtafuta Kaini. Mama Salina akamwekea mkono juu ya kitabu akamwambia aiache hiyo, hiyo haikuisha vizuri. Chebet akaanza kucheka akijificha kwa kiganja, na Mama Salina akacheka kwa tumbo lote hadi kiti kikalia. Akasema amekalia vikao miaka mingi na hiyo ndiyo kesi ya kwanza ambayo hana la kufanya, kila mtu anywe soda yake aende kazini.

Kiprop hakucheka. Alikuwa amekaa vilevile, viwiko juu ya magoti. Nilidhani nimemkosea. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza.

“Mzee, sindano ilipofika juu kabisa, ulijua imebaki umbali gani?”

Nikamwambia sikujua. Ingeweza kufa palepale, ingeweza kufika mji wa Turbo.

“Na wale walirusha hiyo kitu, walijua wamekupata?”

Nikafikiri. Hapana, hawakujua. Waliona lori linaendelea kwenda.

Akainua kichwa. “Basi sisi wote wawili tumekosea. Lori yako inakufa na kila mtu anajua imekufa. Yangu iko na namba, kila mtu anajua imebaki ngapi. Wewe siku hiyo ulikuwa na sindano na pua tu.”

Hayo tu. Lakini mtu wa kazi hii atajua alichokuwa amekisema. Tuliondoa uhai mia siku hiyohiyo. Tukarudisha rejeta yangu, gasketi yangu, kila kitu cha kweli, lakini dereva haambiwi amebakiwa na umbali gani. Anaona sindano tu, anasikia vyuma. Akifungulia hita, akiteleza mteremko injini ikiwa imezimwa, akimwaga maji, akiziba tangi kwa sabuni, lori linakwenda mbali. Akiendesha kwa pupa linamfia. Na aliye kichakani naye hajui kama amelimaliza, kwa hiyo lazima atoke alifuate, na akitoka anaweza kupigwa. Pande zote mbili zikapata kazi na hofu sawasawa. Nikadai pia ule mlipuko uondoke, liungue polepole kama malori yanavyoungua, watu wapate nafasi ya kuruka. Akakubali mara moja. Alisema mtu anayekimbia kutoka kwenye lori linalowaka ni mchezo mzuri kuliko mtu aliyekufa.

Tulifanya kazi bega kwa bega hadi wageni walipofika, na nilikunywa mursik yake. Ilikuwa nzuri kama walivyosema, jambo ambalo halikunisaidia. Kwa sababu sasa nilikuwa na wivu mpya, mbaya kuliko wa kwanza. Siku ile barabarani ilikuwa yangu. Nimeiota, nimeibeba, nimeisimulia kwa Chebet, na kwa miaka yote sikuwahi kuona kilichomo ndani yake. Kijana aliisikia mara moja, soda mkononi, akakiona.

Wageni walikuwa watatu. Mama mmoja kati yao ndiye aliyekaa kuendesha. Mimi na Kiprop tukaweka viti nyuma yake. Alipotobolewa rejeta mabega yakapanda, na hayakushuka tena. Alishika pad kwa nguvu akiliongelesha lori kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe avuke mto. Akavuka daraja, akaingia kambini, injini ikakata pale getini.  Akageuka na kiti chake, akauliza ni nani aliyelitengeneza lori hili.

Chebet akatuangalia sote wawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa nimelitengenezea jibu kwa Kiingereza na kulifanyia mazoezi nikinyoa ndevu, jibu lenye mimi mwanzo na mimi mwisho, na katikati Kiprop kama msaidizi aliyejitahidi. Nikafungua mdomo.

Kiprop akanitangulia. Akasema lori ni la Mzee Wafula, aliliendesha mwenyewe kabla gemu haijakuwako. Yeye alikuwa anakaa tu nyuma ya watu.

Wale wageni wakasimama wakanipa mkono mmoja mmoja. Kiti kikawa changu, nikakikalia hadi nilipostaafu, na jina langu liko mwishoni mwa gemu ile, mnaweza kuliangalia. Kiprop baadaye alichukuliwa na kampuni nyingine Nairobi, na ofisi ikabaki bila mursik. Watu huniambia yule kijana alinipa heshima kubwa, nami huitikia kwamba ni kweli. Lakini nawaambia ninyi tu. Wakati ananipa mkono wake wa pongezi, mdomo wangu ulikuwa bado umefunguka kwa jibu langu, na mimi nilijua kabisa kwamba ningeulizwa mimi kwanza, nisingelitaja jina lake hivyo. Malori nilimshinda. Hilo la kumtaja mwenzako nilimwonea wivu siku ile kuliko kitu chochote alichowahi kunizidi, na namwonea mpaka leo.